PETER FORSSKÅL, MTU ALIYEYAPA MAJINA MAJANI YA BAHARI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Dakhalia

Katika gazeti letu la shule tumekwisha kusoma habari za wafalme, majemadari na mabaharia wakubwa. Muhula huu nimependa kuwaletea habari za mtu wa namna nyingine. Mtu huyu hakutawala hata kijiji kimoja wala hakushika upanga. Kazi yake ilikuwa kukusanya majani, samaki na konokono, kuvitazama sana, na kuandika alichokiona. Aliishi miaka 31 tu, akafa ugenini, na vitabu vyake vikapigwa chapa miaka 12 baada ya kuzikwa kwake. Walakini jina lake limefungamana na mimea inayoota chini ya maji hapa Unguja, mbele ya kijiji cha Uroa. Jina lake ni Peter Forsskål.

Ili habari zake zifahamike, kwanza inafaa tujue ni mimea gani ninayoitaja. Uroa iko pwani ya mashariki, karibu na mdomo wa ghuba ya Chwaka. Siku za bamvua maji yakipwa huenda mbali sana, na nyuma yake huonekana mchanga mweupe, madimbwi, mashamba ya mwani yenye vigingi na kamba, na baina yake majani mengi ya kijani yaliyolala. Mgeni huyadhania yote kuwa ni mwani. Sivyo. Mwani hauna mizizi ya kweli, hauna ua wala mbegu. Majani ya bahari yana mizizi, shina, maua, matunda na mbegu, kama mpunga ulivyo. Wazazi wake wa kale waliota nchi kavu, kisha kwa muda wa mamilioni ya miaka wakaingia baharini na kuzoea kuishi ndani ya maji ya chumvi.

Majani hayo yako ya namna nyingi, nami nitafuata moja tu. Hilo lina shina gumu kama kijiti, na kwenye ncha ya shina hutoka kishungi cha majani kilichokunjuka mfano wa upepeo. Ukipitisha kidole kwenye ncha ya jani utasikia vimeno vidogo vidogo. Jina lake la kitaalamu ni Thalassodendron ciliatum. Jenasi yake, yaani ukoo wake mdogo, ina namna tatu tu katika dunia nzima. Hebu sasa tuone jina hilo lilikotoka, na gharama iliyolipwa kulipata.

Peter Forsskål alizaliwa tarehe 11 Januari 1732 katika mji wa Helsinki. Zama hizo Ufini ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Baba yake alikuwa kasisi, na mwaka 1741 alihamia na watu wake Uswidi, si mbali na mji wa Uppsala wenye chuo kikuu cha kale. Mwaka uliofuata jina la Peter likaandikwa katika daftari la chuo hicho, naye ana miaka 10 tu. Baadaye, mwaka 1751, alirudi hapo kusoma kikamilifu, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Carl Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea aliyesifika Ulaya nzima.

Hapana budi tumtaje kidogo mwalimu huyo. Kabla yake wataalamu waliuita mmea mmoja kwa sentensi ndefu ya Kilatini, na kila mtaalamu kwa sentensi yake. Mwaka 1753 Linnaeus alitoa kitabu ambamo kila mmea ulipewa majina mawili. La kwanza ni la jenasi, nalo ni kama jina la ukoo linaloshirikisha ndugu wengi. La pili ni la mmea wenyewe, linaloutenga na nduguze. Mkarafuu wetu aliuita Caryophyllus aromaticus. Utaratibu huo wa majina mawili ndio tunaojifunza madarasani mpaka leo.

Linnaeus aliwatuma wanafunzi wake kwenda nchi za mbali kuleta mimea, na si wachache waliokufa safarini. Forsskål alilijua hilo. Lakini yeye hakuwa mtu wa majani peke yake. Mwaka 1753 alikwenda Göttingen, Ujerumani, akasoma falsafa na lugha za Mashariki, na mwaka 1756 akatoa andiko la kuwapinga wanafalsafa waliokuwa wakiheshimiwa sana. Aliporejea Uswidi aliandika kijitabu juu ya uhuru wa raia. Alidai humo kwamba watu wawe na ruhusa ya kuandika na kupiga chapa mawazo yao, na kwamba vyeo visiwe vya watu wa nasaba bora peke yao. Wakaguzi wa serikali walikata baadhi ya maneno, na tarehe 23 Novemba 1759 kijitabu kikatoka, nakala 500. Mara serikali ikakipiga marufuku.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu. Aliyeamriwa kuzikusanya nakala zile alikuwa Linnaeus mwenyewe, kwa kuwa zamu hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo. Nakala zilizorudishwa zilikuwa 79 tu. Zilizobaki zilikwisha kuingia mikononi mwa watu. Mwaka 1766 Uswidi ilipitisha sheria ya uhuru wa kupiga chapa, lakini Forsskål hakuiona siku hiyo.

Wakati huo mfalme Frederick wa Tano wa Denmaki alikuwa akitayarisha msafara wa wanachuoni kwenda Arabuni. Mwaka 1760 Forsskål alichaguliwa awe mtaalamu wa mimea na wanyama. Wenzake walikuwa Friedrich Christian von Haven, mjuzi wa lugha. Carsten Niebuhr, mpima ardhi. Christian Carl Kramer, tabibu. Georg Wilhelm Baurenfeind, mchoraji. Na Berggren, mtumishi wao. Jumla yao ni watu sita. Amri ya mfalme ilisema kwamba wanachuoni wote ni sawa, hapana mkubwa wala mdogo. Amri hiyo ilionekana nzuri kwenye karatasi, lakini ilizaa ugomvi mwingi, khasa baina ya von Haven na Forsskål. Walipofika Istanbul von Haven alinunua sumu, na wenzake wakakaa kwa hofu siku nyingi.

Waliondoka Copenhagen mwezi wa Januari 1761. Dhoruba zikairudisha meli yao mara kwa mara kabla haijapata njia. Forsskål hakukaa bure melini. Alivua viumbe vya baharini kwa ndoo na wavu, akavichungua na kuviandika. Mwisho wa Septemba 1761 wakafika Iskandaria, na Misri wakakaa mwaka mzima. Forsskål alijifunza Kiarabu cha watu wa kawaida, akavaa mavazi ya wenyeji, akatoka peke yake kwenda mashambani na jangwani kutafuta mimea. Aliwahi hata kunyang'anywa nguo na wanyang'anyi, lakini hakuacha kutoka.

Mwezi wa Oktoba 1762 waliingia merikebuni Suez wakaenda Jidda, na mwisho wa Desemba wakashuka Luhayya, bandari ya Yemeni. Liwali wa mji, Amiri Farhan, aliwapokea kwa hisani kubwa. Inasimuliwa kwamba Forsskål aliwaonyesha wenyeji chawa katika hadubini, nao wakastaajabu kwa ukubwa wake. Baada ya hapo aliingia nchi ya milimani akipanda punda pamoja na Niebuhr, wakapita katika mashamba ya kahawa, na kila kituo mizigo ya majani makavu ikaongezeka.

Ilikuwa katika Bahari ya Sham ndipo alipokutana na majani yetu. Alitambua namna tatu ambazo hazikuwa zimeandikwa na mtaalamu yeyote, akazipa majina matatu. Moja lilikuwa na vinyweleo au vimeno kama kope kwenye kingo, akaliita Zostera ciliata, kwani neno la pili linatokana na kope. La pili lilikuwa na mshipa mmoja ulio dhahiri, akaliita Zostera uninervis. La tatu lilikuwa na vijani vidogo kama magamba penye shina, akaliita Zostera stipulacea. Zostera ni jenasi ya majani ya bahari iliyokwisha kupewa jina na mwalimu wake, na huota kwa wingi katika bahari za Ulaya ya kaskazini. Basi alipoona mimea ya maua iliyozama baharini, aliona inafaa kuiweka katika ukoo huo aliokuwa akiujua tangu kwao.

Jambo moja lamtofautisha na wasafiri wengi wa zama zake. Hakudhani kwamba kitu hakina jina mpaka Mzungu akipe. Aliwauliza wavuvi na wakulima, akaandika jina la Kiarabu kando ya la Kilatini, na mara nyingi akalifanya jina la Kiarabu liwe ndilo la kitaalamu. Mmea wa mirungi, ambao Waarabu huuita qat, aliuita Catha. Changu mwenye doa jeusi ubavuni, anayeuzwa katika masoko yetu, kwa kitaalamu ni Lethrinus harak, na harak ni neno alilolipata kwa Waarabu. Mwatiko pia, samaki afugwaye siku hizi katika mabwawa ya Unguja na Pemba, kitabu chake ndicho kilichomwandika kwanza. Samaki aliowakusanya aliwachuna, akakausha ngozi ya upande mmoja na kuibandika katika karatasi kama jani. Baadhi ya ngozi hizo zimehifadhiwa Copenhagen mpaka leo.

Kisha mambo yakaharibika. Homa iliwaandama tangu Tihama, nchi ya joto ya pwani. Leo twajua kwamba ilikuwa malaria na kwamba huenezwa na mbu, lakini jambo hilo halikuthibitishwa mpaka mwaka 1897. Von Haven alikufa Mokha mwezi wa Mei 1763. Waliosalia wakapanda milimani kuelekea Sanaa. Njiani Forsskål akazidiwa, na tarehe 11 Julai 1763 akafariki katika mji wa Yarim, akazikwa huko huko. Baurenfeind na Berggren walifia baharini mwezi wa Agosti wakielekea Bombay, na Kramer akafia Bombay mwaka 1764. Katika watu sita alibaki Niebuhr peke yake.

Niebuhr alikuwa mtoto wa wakulima, si mtu wa kujisifu. Alirejea kwa njia ndefu ya Uajemi, Iraki, Shamu na Uturuki, akafika Copenhagen mwezi wa Novemba 1767. Alikuta baadhi ya vitu vilivyotangulia kupelekwa havikutunzwa vizuri. Karatasi za Forsskål zilikuwa vipande vipande, zimeandikwa haraka haraka vituoni. Mtu mwingine angaliziacha, maana mimea haikuwa fani yake. Niebuhr hakuziacha. Alizipanga, na mwaka 1775 vitabu viwili vya marehemu vikatoka kwa Kilatini, kimoja cha mimea ya Misri na Arabuni na kimoja cha wanyama. Mwaka 1776 kikafuata kitabu cha picha alizozichora Baurenfeind. Hivyo watu wawili waliokwisha kufa wakasema tena kwa ulimi wa rafiki yao.

Natumai msomaji sasa atapenda kujua lile jani la kope lilipata majina gani baada ya hapo, maana leo haliitwi tena Zostera. Wataalamu waliofuata walipoyachungua majani ya bahari kwa vyombo bora waliona kwamba ukoo wa Zostera umejazwa wageni wasio ndugu. Mwaka 1867 mtaalamu wa Ujerumani, Paul Ascherson, aliliweka jani letu katika jenasi nyingine, likawa Cymodocea ciliata. Likakaa huko zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1970 mtaalamu wa Uholanzi, Cornelis den Hartog, alitoa kitabu cha majani ya bahari ya dunia nzima. Aliona kwamba jani hili halifanani vya kutosha na nduguze wa Cymodocea. Shina lake ni gumu kama mti, na majani yake hukusanyika katika kishungi nchani. Akalitengea jenasi yake, Thalassodendron, maana yake mti wa bahari kwa Kiyunani. Katika jenasi hiyo akatia pia namna ya pili inayoota kusini magharibi ya Australia, Thalassodendron pachyrhizum. Mwaka 2012 wataalamu wakatambua namna ya tatu, inayoshika miambani katika pwani ya Msumbiji ya kusini na Afrika Kusini, wakaiita Thalassodendron leptocaule, yaani yenye shina jembamba.

Huenda mwenzangu akasema wataalamu hawana msimamo, leo hivi kesho vile. Lakini atazame vizuri. Jina la kwanza limebadilika kwa sababu elimu ya ukoo imeongezeka. Jina la pili, lile la kope, halikubadilika ila mwisho wake tu, kwa kufuata sarufi ya Kilatini. Kanuni yataka hivyo: mmea ukihamishwa jenasi huchukua jina lake la pili pamoja nao, na jina la aliyeuandika kwanza hutiwa katika mabano. Ndiyo sababu kila penye Thalassodendron ciliatum huonekana kifupi cha jina la Forsskål. Mkarafuu nao ulipitia njia hiyo. Leo ni Syzygium aromaticum, umebadili ukoo lakini harufu nzuri aliyoitaja Linnaeus imo bado katika jina lake. Na wale wenzake wawili wa Bahari ya Sham sasa ni Halodule uninervis na Halophila stipulacea. Wametawanywa katika koo mbili, kila mmoja na jina lake la pili.

Tena mmea huu una maajabu ambayo bila ya kuuchungua hatungeyajua. Dume na jike ni miche mbali mbali, kama mipapai. Hauna nyuki wa kuutumikia. Chavua yake ni kama nyuzi ndefu, huchukuliwa na maji. Na mbegu yake haingoji kuanguka, bali huota ingali juu ya mama yake, kama afanyavyo mkoko, kisha mche mchanga huachana naye ukaelea kutafuta mahali pa kushika.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kikaenea pwani yote ya mashariki. Kimewapa kina mama fedha yao wenyewe, wakasomesha watoto, na hakuna mwenye akili atakayekidharau. Lakini mara nyingi mahali pa kupigia vigingi husafishwa kwanza, na majani ya bahari hung'olewa kama magugu. Kadhalika nyavu za kukokota hupita juu yake na kuyakwangua. Majani haya si magugu. Tasi na kasa huyala. Samaki wengi wachanga hujificha humo kabla ya kwenda mwambani, na ndiyo maana mvuvi wa dema hupenda kuutega mtego wake penye majani. Mizizi yake hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Na hili lenye shina la kijiti, likikatwa, huchukua muda mrefu kurudi. Anayeling'oa leo huenda mwanawe akakosa samaki kesho, wala asijue sababu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Sikusudii kusema kwamba mwani uachwe. Ninalosema ni kwamba mtu hawezi kukitunza kitu asichokitambua, na hawezi kukitambua kama hajui tofauti yake na jirani yake. Mkulima anayejua kwamba hili ni jani lenye mizizi na mbegu, na ule ni mwani, aweza kuchagua mahali penye mchanga mtupu akapigia vigingi vyake hapo, na palipo na majani akapaacha. Kujua huko ndiko kunakoitwa uainishaji katika vitabu vyetu vya baiolojia, na wengi wetu hukariri majina yake kwa mtihani tu kisha tukayasahau.

Linnaeus alimkumbuka mwanafunzi wake kwa njia inayolingana naye. Kulikuwa na mmea mmoja wa jangwani wenye vinyweleo vinavyonasa nguo, mtu akiupita haukubali kumwachilia. Akauita Forsskaolea tenacissima, yaani Forsskål anayeng'ang'ania mno. Waliomjua walisema jina limemkaa.

Nadhani sisi wanafunzi twaweza kujifunza kwake mambo mawili mepesi. La kwanza ni kuandika tunachokiona, pamoja na siku, mahali, na jina wanaloliita wazee wetu, kwani majina mengi ya majani na samaki wa Uroa yamo vichwani mwa wavuvi na kina mama wa pwani, na kila mzee anayefariki huondoka na sehemu yake. La pili ni la Niebuhr, nalo ni kuimaliza kazi njema ya mwenzetu aliyeshindwa kuimaliza. Forsskål angeandika vizuri kiasi gani, lau kama rafiki yake angezitupa zile karatasi, leo tusingekuwa na habari zake hata kidogo.